Udongo Haupigi Mipasho

Ukitafuta Muungano wa Tanzania kwenye simu yako, picha moja haikosi kukujia: Julius Nyerere anachanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar katika chombo kimoja. Ni Aprili 1964. Kwa miaka mingi niliamini hakuna picha nzuri kuliko hiyo Afrika Mashariki nzima. Siku hizi inanitia shaka.

Isome kama unavyosoma shairi. Udongo ukishachanganywa, nani atakwambia huu ni wa Bagamoyo na huu wa Unguja? Picha inaahidi kwamba wawili watayeyuka wawe mmoja. Lakini nchi iliyozaliwa haikuyeyuka hivyo. Hati za Muungano zilitiwa saini tarehe 22 Aprili na Muungano ukaanza tarehe 26, miezi mitatu na siku kadhaa tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mpaka leo Zanzibar ina rais wake, Baraza la Wawakilishi lake na bendera yake. Tanganyika ndiyo iliyopoteza jina. Malalamiko nayo yapo, tena yana jina linalotumika hadi serikalini: kero za Muungano. Katika picha ile hakuna pa kuiweka kero hata moja. Udongo haulalamiki.

Sasa usicheke jirani. Hata sisi tulikuwa tuingie kwenye chungu. Juni 1963, hapa Nairobi, Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza nia ya kuunda shirikisho kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha, shirikisho halikuja.

Kama picha ya udongo haitoshi, tutazame wapi? Mimi nasema tusikilize taarabu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini, na alianza maisha akiuza vyungu. Taarabu ya wakubwa wakati huo iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka hadi Bombay kurekodi santuri. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, mtu wa Tanga, ng'ambo ya pili ya maji. Shaaban alifariki mwaka 1962, kwa hiyo kitabu kile hakikungoja Muungano wowote. Mwandishi wa bara alimwona mwimbaji wa visiwani kuwa wake kwa sababu lugha ilikuwa yao wote.

Ila ukweli usemwe: Shaaban anapenda kuhubiri. Kila hatua ya Siti inageuzwa somo la bidii na subira, hadi unatamani mama wa watu apumzike kidogo. Siti wa nyimbo ana makali zaidi. Chukua wimbo wake wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam anauawa Zanzibar, muuaji anavuka bahari kukimbilia bara, na adhabu inawaangukia wanawake waliokuwa na marehemu. Bahari ileile iliyowaletea watu ndugu ndiyo iliyomficha muuaji. Huo ni uhusiano wa majirani kama ulivyo, na Siti aliusema hadharani akiwa ameshika mdundo.

Ruka sasa hadi miaka ya 1990, Dar es Salaam. Mji ulikuwa umegawanyika kati ya vikundi viwili. Kimoja ni Tanzania One Theatre, TOT, chake Khadija Kopa, mzaliwa wa Zanzibar. Mpinzani wake, akiwa na Nasma Khamis, aliitwa, amini usiamini, Muungano. Kazi kubwa jukwaani ilikuwa kurushiana mipasho. Yaani Muungano wenyewe ulisimama mbele ya watu ukatukanwa kwa mafumbo, nao ukajibu, na watu wakalipa kiingilio na kutunza noti. Muziki wa visiwani ulikuwa umeingia bara bila kuomba msamaha kwa lafudhi yake.

Hapo ndipo ninapoona kosa la picha ya udongo, na kosa letu pia. Huku kwetu kila uchaguzi ukichafuka tunaambiwa tuwe kitu kimoja, na maana yake huwa ni moja: nyamaza. Mwenye kero anaitwa mchochezi. Tunataka umoja wa udongo, usio na mdomo.

Marehemu shangazi yangu wa Majengo, Mombasa, alikuwa na ugomvi na jirani yake ambao hakuna aliyekumbuka ulivyoanza. Kila alasiri aliweka kanda ya Khadija Kopa, redio akaielekeza dirishani. Ubao mwembamba ndio uliotenganisha nyumba zile, na haikuchukua muda Nasma akajibu kutoka upande wa pili. Sisi watoto tulikaa katikati, uani, tukihesabu mabao.

Siku ya Idi shangazi alipakua biriani kwenye sahani yake ya maua, akaifunika kawa, akaniambia, "Mpelekee yule." Jina hakulitaja. Nilirudi na sahani ileile imejaa kaimati. Alasiri, kanda ikawekwa tena.