Fagio la Mwaka Mpya: Diwali ya Nyumbani Kitale na Bungoma

Mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotoa hoja ya kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo kikuu cha Nairobi, waliiweka fasihi simulizi mahali pa mbele. Na walipoitaja fasihi ya Kiswahili kuwa ni mzizi mwingine wa Afrika Mashariki, waliitaja pamoja na ile ya Kiarabu na ile ya Kiasia. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo imepata watumishi wengi. Katika Bungoma, kwa mfano, ile sanaa ya Wabukusu iitwayo kumuse, ambayo mzee mjuzi husimama mbele ya watu baada ya maziko ya mtu wa heshima akaikumbusha jamii asili yake na wajibu wake, sasa huhesabiwa kuwa ni fasihi kamili yenye fani na maudhui. Hapana budi iwe hivyo. Lakini katika mji uo huo, na katika Kitale, kumekuwako kwa miongo mingi sanaa nyingine ya maneno na ishara, inayorudiwa kila mwaka katika nyumba za Wahindu wenye asili ya Gujarat, nayo haijapata mhakiki. Sanaa hiyo ni Diwali ya nyumbani pamoja na siku ya mwaka mpya inayoifuata.

Kosa la kwanza la wanaoandika juu yake kwa Kiswahili ni la jina. Huiita "sikukuu ya taa", au "mwaka mpya wa Wahindi". La kwanza linataja chombo na kusahau kazi ya chombo. La pili si kweli. Mwaka wa Vikram Samvat huanza kwa Wagujarati siku ya kwanza ya mwezi wa Kartak, yaani kesho yake Diwali. Ndiyo sababu mwaka wao wa 2081 ulianza tarehe 2 Novemba 2024, kwa kuwa hesabu yao iko mbele kwa miaka 57 hivi. Mpunjabi, aliye jirani wa Mgujarati katika mtaa huo huo wa Kitale, mwaka wake huingia kwa Vaisakhi katikati ya Aprili, na Mmarathi na Mtelugu huuona wao mnamo Machi au Aprili. Kwa hiyo "Mhindi" wa mwandishi wa Kiswahili ni mtu asiyekuwako. Ni rahisi kumcheka mwandishi huyo, lakini Kiswahili chenyewe kiliwahi kujua kupambanua: Baniani, Kalasinga, Khoja, Bohora, Goa ni maneno ya watu waliowatazama majirani zao kwa karibu. Neno pana la "Mhindi" limeyafunika yote.

Habari za jinsi watu hao walivyofika ni za kawaida, hazihitaji maneno mengi. Reli kuu ya kwenda Uganda ilipita Bungoma. Tawi lake lilifika Kitale mwaka 1926. Mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa ya walowezi wa Kizungu, na Mwasia hakuruhusiwa kumiliki shamba katika nyanda hizo, hivyo akabaki mjini, dukani na katika karakana. Baadaye, katika miaka ya 1970, kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanzishwa kwa ubia na kampuni ya India, kilileta Wahindi wengine ambao hawakuwa wa dukani hata kidogo. Jambo moja tu litajwe kwa sababu lina maana kwa sikukuu: mwezi wa Kartak huingia Gujarat mavuno ya baada ya masika yamekwisha anza kukusanywa, na katika Trans Nzoia mnamo Oktoba na Novemba mahindi huwa yanavunwa na kuanikwa. Kalenda ya ugenini iliangukia, bila kukusudia, katika msimu wa mkulima wa hapa.

Sikukuu yenyewe ina siku kama tano. Ya Dhanteras, siku ya mali, na ya Bhai Beej, siku ya ndugu wa kiume na wa kike, zinaweza kuachwa. Siku inayostahili kusomwa kwa makini ni Kali Chaudas, mkesha wa Diwali. Siku hiyo mama wa nyumba hukaanga vitafunio, aghalabu vada au puri, akavipeleka njia panda, akavizungushia maji chini, kisha akarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Kinachotupwa kwa tendo hilo huitwa kakalat. Mfasiri wa haraka ataandika "nuksi", naye atakuwa amekosea, kwa kuwa nuksi humjia mtu kutoka nje. Kakalat hutengenezwa humo humo ndani: maneno ya mawifi, manung'uniko ya mkaza mwana, uchungu wa ndugu wawili wanaogombea faida ya duka moja. Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi, nalo ni "nongwa". Mama huyo anakwenda kuitupa nongwa ya nyumba, na anaitupa kwa kuilisha.

Msomaji wa pwani hatashangaa. Katika Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa wanaume hupigana kwa migomba ili chuki za mwaka uliokwisha zitoke hadharani, na kibanda huchomwa moto. Dhamira ni ile ile, kwamba mwaka hauwezi kuwa mpya ikiwa ugomvi ni wa zamani. Tofauti iko katika fani. Makunduchi nongwa hutolewa na wanaume, mchana, kwa kelele, mbele ya kijiji kizima; katika nyumba ya Kigujarati hutolewa na mwanamke mmoja, kimya, gizani. Mhakiki anayedai kwamba sherehe ni lazima iwe na hadhira ili iwe sanaa atapata taabu hapa, kwa maana hadhira ya tendo hili ni wale walioachwa ndani, wanaojua aliyetoka ametoka kwa ajili ya nini.

Iko na hadhira nyingine, isiyoalikwa. Mtu apitaye njia panda ya Kitale alfajiri, akakuta vitafunio vimewekwa chini na kuzungushiwa maji, atasoma matini tofauti kabisa. Kwa watu wengi wa magharibi mwa Kenya, na kwa Waswahili pia, chakula kilichoachwa njia panda ni dalili ya uganga au uchawi. Ishara moja, mahali pamoja, wasomaji wawili. Na baina yao hakuna sentensi hata moja ya Kiswahili iliyokwisha andikwa kueleza kwamba kilichotupwa pale ni ugomvi wa mama mkwe. Hili si jambo dogo. Dhana mbaya juu ya jirani hukua mahali kama hapo.

Usiku wa Diwali wenyewe una taa, rangoli mlangoni, na fataki, neno ambalo Kiswahili kililipata kwa Wahindi pamoja na kitu chenyewe. Penye uzito zaidi ni mezani. Vitabu vipya vya hesabu hufunguliwa, huombewa mbele ya Lakshmi na Ganesh, na katika ukurasa wa kwanza huandikwa "Shri", kisha "shubh" na "labh": heri na faida. Wahakiki wa mkondo wa kimapinduzi wangeliona hapa tabaka likiiabudu mali yake, na hawangekosa ushahidi. Neno lao kuu, "bepari", lilitokana na vepari la Kigujarati, lenye maana ya mfanyabiashara tu, kabla halijapewa mzigo wa Azimio la Arusha la 1967. Lakini usomaji huo unaliona neno labh na kuruka shubh. Maneno mawili yameandikwa pamoja makusudi. Faida isiyo na heri haiombwi, na faida hiyo haikuwa na hakika. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwafungia wasio raia sehemu nyingi za biashara nchini Kenya. Mwenye duka wa mji mdogo ambaye hakuwa raia aliandika labh katika kitabu kipya bila kujua kama atakuwa na duka la kukijaza. Mwaka 1972 Diwali ilifika siku chache tu kabla ya tarehe 8 Novemba, mwisho wa muda ambao Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda. Na reli ya Kampala hadi Mombasa, iliyowabeba baadhi yao, inapita Bungoma. Maandishi ya ukurasa wa kwanza yakisomwa pamoja na tarehe hizo huwa na sauti ya dua zaidi ya sauti ya majivuno.

Alfajiri ya mwaka mpya ndipo sanaa hii inapofika kilele. Kabla ya jua, mama huyafagia mabaki ya mwaka, akagonga chombo kikuukuu, akamfukuza Alakshmi, dada wa ufukara na uvivu, ili Lakshmi apate njia ya kuingia. Kifaa cha tendo hili ni ufagio. Na jambo ambalo wataalamu wa lugha wamelijua bila wahakiki kulitumia ni kwamba Kigujarati cha Afrika Mashariki, kilichoazima kwetu mogo kutoka muhogo, jugu kutoka njugu, na kisu, kimeazima pia neno fagio. Maombi ni ya Kigujarati, mungu ni wa Gujarat, lakini kinachomtoa Alakshmi nje kina jina la Kiswahili. Lugha yetu imo ndani ya ibada hiyo tangu zamani, mkononi mwa mama wa nyumba.

Kisha huja salamu: "Sal Mubarak". Neno la kwanza ni la Kiajemi, la pili la Kiarabu, lile lile lililozaa mbaraka wetu, na wasemao ni Wahindu. Vijana huinama kugusa miguu ya wazee, na maneno yanayoandamana na tendo hilo yana maana ya "naigusa miguu". Mswahili asemaye "shikamoo" husema, kwa maelezo yaliyozoeleka, kwamba anaishika miguu ya mkubwa wake. Amebakiza neno na kuacha tendo, ambapo Mgujarati amebakiza vyote viwili. Mzee hujibu kwa baraka na kwa fedha kidogo. Desturi nyingine ya Gujarat ni kununua chumvi asubuhi hiyo kwa jina la sabras, yaani ladha zote. Inasikitisha kidogo kwamba Kiswahili kimelikaribisha ladu na hakijalisikia sabras.

Si bahati mbaya. Methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" ndiyo imekuwa kanuni ya uazimaji wetu: duka, gunia, hundi, bima, laki, chapati, vyote vimeingia, mwenyewe amebaki kizingitini. Hata hivyo, haki inadai isemwe kwamba mlango ulifungwa kutoka ndani pia. Kiswahili kilichosemwa na mama huyo kwa mpishi au yaya wakati wa Diwali kilikuwa cha kuamuru: leta, weka, osha, usiguse. Kilikuwa ndugu wa Kisetla kilichosemwa mashambani kuizunguka Kitale. Mtumishi wa Kibukusu aliyepanga taa kwa miaka ishirini alijua mahali pa kila taa na hakuambiwa hata mara moja kwa nini. Mwisho wa sikukuu alipewa pakiti ya chevda na bakshishi. Na watoto wa nyumba hizo walipokuja kuwa waandishi, waliandika kwa Kiingereza. M. G. Vassanji, katika The In-Between World of Vikram Lall ya mwaka 2003, amempa msomaji familia ya Kihindu ya Nakuru. Riwaya ya Kiswahili bado haijampa ya Kitale.

Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Waasia kuwa ni kabila la 44 la nchi. Tangazo la serikali linaweza kumpa mtu nafasi katika orodha; haliwezi kuifasiri kakalat. Kazi hiyo ni ya wanafunzi wa fasihi simulizi, na wa kuhojiwa kwanza huenda wasiwe wenye nyumba peke yao bali na wapishi na mayaya waliozeeka, walioitazama sherehe nzima kutoka jikoni. Kuna sehemu moja tu ambayo hao hawataweza kuieleza. Mtumishi afikapo kazini asubuhi ya mwaka mpya hukuta uwanja umekwisha fagiliwa, na fagio limeegemezwa ukutani.