Kiraka Kilicholala Majini

Shangazi hakuwahi kushona kiraka cha pamba ambacho hakijalala majini. Mteja akileta kaptura iliyochanika, alikata kipande cha kaki, akakitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto chini ya meza na kukiacha humo usiku kucha. Asubuhi alikianika barazani. Kikishakauka alikipiga pasi ya mkaa, ndipo kilipofika chini ya sindano. Mteja mwenye haraka alijibiwa kwa maneno mawili: "Bado hakijarudi."

Kurudi. Mafundi cherehani wa Mwanjelwa, Mbeya, nilikokulia, walilitumia neno hilo kutwa nzima. Nyuzi za pamba huvutwa kwa nguvu mtamboni wakati wa kufumwa. Kitambaa kikikutana na maji kwa mara ya kwanza, nyuzi hulegea, nacho husinyaa na kupungua. Hapo tunasema nguo imerudi. Tetroni hairudi, pamba hurudi. Neno hilohilo ni la mwana mpotevu aliyewaacha nguruwe akashika njia ya kwao, na ni la mzazi anayemrudi mtoto aliyekosa. Maana zote tatu zilinifikia kwa pamoja nikiwa darasa la sita.

Siku hiyo Shangazi alikuwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa. Mzee mmoja, mlinzi wa usiku, akaleta suruali iliyotoboka gotini, naye alikuwa akiitaka kabla ya zamu. Nilitaka kumfurahisha. Nikakata kaki mpya kutoka kwenye jora, nikaishona, na mshono ukanyooka vizuri hata mimi mwenyewe nikauvulia kofia. Baada ya kufuliwa mara mbili tatu, suruali ilirudi kwa sababu kiraka kilirudi. Kilikuwa kimejivuta kutoka pande zote nne na kuburuta kitambaa kikuukuu kilichokizunguka, ambacho hakikuwa na nguvu ya kushindana nacho. Tundu lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza.

Shangazi alinirudi bila kunigusa. Alimwamkia mzee, akamwomba radhi mbele yangu, kisha akaniwekea wembe mkononi. "Fumua. Usivute, baba. Kata uzi mmoja mmoja, hiyo nguo imeshaumia vya kutosha."

Nilifumua mpaka jua likashuka. Nilipomaliza alifungua droo ya cherehani, ambamo Biblia yake ilikaa pamoja na bobini, chaki na vifungo visivyofanana, akanisomea Marko sura ya 2, pale Bwana anaposema kwamba hakuna mtu anayeshona kiraka kipya kwenye vazi lililochakaa. Tangu hapo nimesikia mahubiri mengi juu ya maneno hayo, kuhusu mambo ya kale na mambo mapya, na ninayaheshimu. Ila jioni ile nilisikia jambo lililo karibu zaidi: aliyeyasema alikuwa ameona kiraka kikirudi. Neno la Kiyunani lililoandikwa pale linataja kitambaa ambacho hakijapita mikononi mwa dobi. Siwezi tena kuisoma habari hiyo bila kumwona mtoto wa Nazareti amekaa karibu na mwanamke mwenye sindano, anatazama, hasemi kitu.

Na Mungu mwenyewe anashona mapema sana katika Maandiko. Mwanzo sura ya 3: hukumu imeshatamkwa, bustani inakaribia kufungwa, na kabla ya kuwatoa wale wawili anawatengenezea mavazi ya ngozi na kuwavika. Shangazi alikuwa akisimama hapo kila mara. Aliona ajabu kwamba walivikwa siku ileile waliyokosa.

Sisi Wamoravian tuna kitabu kidogo cha neno la kila siku. Kilianzia Herrnhut, Ujerumani, na toleo lake la kwanza kuchapishwa lilikuwa la mwaka 1731, na mistari yake ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura. Shangazi aliusoma mstari alfajiri, mara moja tu, akafunga kitabu na kuanza kukanyaga pedali. Hakuufafanulia mtu. Jioni, akifagia vipande vya vitambaa, ndipo angeweza kusema neno moja juu yake, na mara nyingi hakusema. Nilidhani amesahau. Leo naamini alikuwa ameuloweka.

Nasema hivyo kwa sababu nimeshona viraka vibichi vingi. Rafiki yangu alipofiwa na mtoto, nilifika msibani nikiwa na mstari wa Biblia tayari mdomoni, nikautoa kabla sijakaa chini. Mstari ulikuwa wa kweli. Niliona uso wake ukijivuta kutoka pande zote, kama ile suruali. Ilinichukua miezi kwenda kwake bila neno, kukaa, kunywa chai, kuondoka, kwenda tena. Uzi mmoja mmoja. Siku aliyouliza mwenyewe kama bado naukumbuka ule mstari, niliusema kwa sauti ya chini, naye akaitikia kwa kichwa. Ulikuwa umelala majini muda wa kutosha, na mimi pia.

Siku hizi Shangazi hakubali tena kazi za wateja, macho hayamruhusu. Jumapili hukaa benchi la nyuma, na kwaya inapoingia kwa maandamano, sare alizozishona miaka iliyopita hupita mbele yake. Hapo humkumbuka Dorkasi wa Yafa, ambaye jina lake maana yake ni paa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Luka hakutuandikia hata neno moja alilolisema mwanamke huyo. Ushahidi wake ulikuwa umevaliwa.

Vifungo vya wajukuu bado anavishona kwa mkono, maana vidole vinajua njia. Kinachomshinda ni tundu la sindano. Kwa hiyo kila nikimtembelea, kabla sijaaga, huniletea sindano kumi na rida za uzi. "Nitungie, baba." Natunga nyeusi, nyeupe, bluu ya shule, kaki. Nazichoma moja moja kwenye pazia karibu na kiti chake, zimejipanga, mikia ya nyuzi ikining'inia, za kumtosha mpaka nitakaporudi.