Faiba Hainywi Rangi

Boti ya faiba ya mita 5 ilipakwa rangi mpya. Mwezi wa pili haukwisha, ubavu ukaanza kubanduka vipande vipande kama gamba la nyoka. Mwenyewe akalaumu kopo: rangi feki. Nikageuza kipande kimoja. Mgongoni kilikuwa laini kama kioo. Rangi ile haikuwahi kushika.

Fundi aliyelelewa na mbao hukosea hapa. Ubao hunywa: ukiupaka sifa, yaani mafuta ya papa, huzama ndani ya mti. Faiba hainywi. Ngozi yake ya juu, jelikoti, ni plastiki ngumu iliyotoka kwenye kalibu iliyopakwa nta ili isigande humo, na wenye boti huongeza nta nyingine ya kung'arishia. Rangi hushikilia mikwaruzo ya msasa tu.

Kosa, basi, lilikuwa la mpangilio: msasa ulitangulia usafi. Msasa hauondoi nta. Huisugulia ndani ya mikwaruzo ileile inayotakiwa kushika rangi.

Tulikwangua yote tukaanza upya. Kwanza sabuni na maji, kisha asetoni kwa vitambaa viwili: cha kwanza huyeyusha nta, cha pili, kikavu, huifuta kabla asetoni haijaruka. Ukichelewa, nta hurudi palepale. Kipimo chake ni maji ya kumwagia: yakijikusanya matone, nta ipo, yakitandaa, endelea.

Ndipo ukaja msasa namba 220 hadi mng'aro wote ukafa, praima ya epoksi, msasa tena, halafu rangi ya poliyurethini ya kuchanganya na hadina (kigumishi), koti mbili nyembamba. Hatukuipuliza kwa pampu, maana ukungu wake ni hatari kwa mapafu. Mmoja alipaka kwa rola, mwenzake akafuata na ncha ya brashi kulaza mapovu. Tulifanya kazi kivulini, umande ukishakauka, tukamaliza mapema: jua hukausha rangi kabla haijajilaza, na umande wa jioni huua mng'aro.

Chini ya mstari wa maji, boti inayolala baharini inataka epoksi na rangi yenye shaba ya kufukuza viumbe wanaoganda, kazi inayofanana na ya deheni inayopakwa chini ya jahazi.

Kazi nzima ilichukua siku tano. Kopo la rangi lilifunguliwa siku ya nne.