China: chuma kile kilijengwa kwa nafaka ya nani?



Kila tukizungumzia maendeleo, hutokea mmoja akasema China ilipanga ikafanikiwa. Mwengine humrukia: ilipanga ikaua watu. Mimi naona wote wawili wamesema kweli, ila hapana anayeuliza vipi mambo hayo yalitoka mkono mmoja.

Mpango wa kwanza wa miaka mitano, 1953 hadi 1957, haukuwa mchezo. Warusi walikubali kusaidia miradi mikubwa 156 (si yote iliyojengwa). Chuma cha pua kilipanda kutoka tani milioni 1.35 mwaka 1952 hadi milioni 5.35 mwaka 1957. Lori la kwanza, Jiefang, lilitoka kiwandani Changchun 1956. Daraja la mto Yangtze pale Wuhan lilifunguliwa 1957 na mpaka leo linapitiwa. Anayeyakataa haya anabishana na macho yake.

Lakini nani alilipa? Mkulima. Kilimo kilipewa chini ya sehemu moja ya kumi ya fedha za serikali za ujenzi, na tangu mwisho wa 1953 serikali ndiyo iliyoshika ununuzi wa nafaka, kwa bei iliyoipanga wenyewe. Nafaka hiyo ikalisha miji na kulipia mashine. Kamba ilivutwa, haijakatika.

1958 ikaja hiyo "Hatua Kubwa Mbele". Lengo la chuma likafanywa maradufu kwa mwaka mmoja, tani milioni 10.7. Watu wakaacha mavuno shambani wakayeyusha masufuria yao kwenye tanuri za uani, na kingi kilichotoka hakikufaa hata jembe. Nafaka nayo ati ikatangazwa tani milioni 375! Baadaye ikakubaliwa kuwa ni kama 200 tu. Kiongozi wa wilaya aliyesema kweli aliitwa mpinzani, aliyezidisha alisifiwa, na serikali ikachukua fungu lake kwa hesabu ya uongo. Mwaka 1959 mavuno yalishuka hadi tani milioni 170, ikachukuliwa zaidi ya milioni 60, na nyengine ikaendelea kuuzwa nje.

Wapo bado wanaotoa udhuru wa ukame na kuondoka kwa Warusi. Warusi waliondoka katikati ya 1960, njaa ishaingia. Peng Dehuai alionya pale Lushan 1959, akavuliwa uwaziri wa ulinzi. Baada yake nani angefungua mdomo? Liu Shaoqi mwenyewe mwaka 1962 aliyarejea maneno ya wakulima kwamba maafa yale sehemu tatu ni za mbingu, saba ni za watu. Makisio ya waliokufa ni kati ya milioni 15 na 45.

Nyerere alipokwenda Beijing Februari 1965 ilikuwa haijatimia hata miaka mitano tangu njaa ile iishe. Sisi tulioijua China kwa magazeti yake ya picha, tuliona madaraja na malori. Wakulima tuliowaona humo walikuwa wanene, wanacheka.