Usiku Mmoja na Akoko

Nisikilizeni kwanza, nitapumua baadaye. Nimemaliza The River and the Source saa kumi na robo alfajiri, taa ya sola imebaki kama jicho la paka, na mimi nimevimba macho utadhani nimetoka matangani. Sijalala. Sitaki kulala. Nataka kukimbia hadi barabarani nimsimamishe mtu wa boda, yeyote yule, nimwambie habari za Akoko.

Najua, najua. Ni riwaya ya Margaret Ogola, ya 1994. Mwaka 1995 ilishinda tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza kwa upande wa Afrika, na pia Tuzo ya Jomo Kenyatta. Imetahiniwa sekondari, wadogo zangu wanaijua kwa "maudhui" na "sifa za wahusika". Mwaka wetu tulipangiwa kitabu kingine, basi hii ikanipita hivyo hivyo. Kwangu mimi imetoka jana.

Niliiokota Homa Bay, kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba, katikati ya atlasi isiyo na jalada na rundo la vitabu vya hesabu. Alitaka mia na hamsini, nikampa mia na ishirini. Aliyekuwa nayo kabla yangu alipiga mistari kwa penseli kila mahali. Pembeni kaandika "ujasiri". Kurasa mbili mbele, "ujasiri tena". Kisha pahali fulani uchambuzi umemshinda, kaandika tu: "Haki!" Hapo nikajua nimepata kitabu.

Lazima niseme kwa nini kimenipata hivi. Mwaka jana nilihama Nairobi nikarudi Migori na godoro, jiko la gesi na katoni nne za vitabu. Konda alizihesabu zile katoni kama abiria wawili. Nyumbani waliuliza kama nafungua duka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta riwaya ya mtu aliyeanza upya kijijini, na nilizozipata nyingi zimetoka mbali: bibi kaachwa na mji, kapata nyumba ya zamani, kafungua duka la vitabu, anaoka mkate, jirani ni seremala mwenye mabega mapana. Nazipenda, sikatai. Lakini hakuna hata moja inayomjua shemeji anayekodolea macho shamba la marehemu.

Ogola anamjua! Akoko ni binti wa chifu wa Yimbo, na jina lake lina kelele ndani yake, kwa maana koko kwa Kijaluo ni makelele. Anaolewa na Owuor Kembo, chifu wa Sakwa, kwa mahari ya ng'ombe 30, na huyo bwana anakataa katakata kuongeza mke wa pili, mama yake anune asinune. Nilidhani nasoma hadithi ya mapenzi. Halafu misiba inaanza kuingia mmoja mmoja, bila kubisha. Obura, mtoto wa kwanza, anatoroka kwenda kuiona dunia, vita vya Wazungu vinammeza Tanganyika. Mume anakwenda. Mwana wa mwisho anakwenda, anaacha mtoto mchanga. Shemeji, Otieno, anajikalisha kwenye kiti cha uchifu na kujisevia mali.

Na huyu mama anafanya nini? Anafunga safari kwa miguu kwenda Kisumu kuipeleka habari hiyo kwa serikali ya mkoloni. Kwa miguu! Na anashinda! Nilisimama kitandani, wallahi.

Hata hivyo, kilichonimaliza si ushindi. Ni kwamba akishashinda, hakai. Anamchukua mjukuu wake, anarudi kwao Yimbo, na baadaye, uzeeni, anahamia misheni ya Aluor kumfuata bintiye Nyabera, mjane aliyezika watoto hadi akabaki na mmoja. Mwanamke aliyekuwa na zizi lililojaa anaanza tena mahali ambapo hakuna anayejua baba yake ni nani. Na hapo Aluor ndipo kitabu kinapoingia nyumbani: yule mjukuu anasoma hadi upadri, na Awiti, msichana wa Nyabera, anasoma hadi ualimu. Ogola haweki tarumbeta hapo. Nyabera ndiye anayelima, mtoto anakwenda shule, basi.

Aluor iko Gem, upande wa pili wa ghuba, ila mtu wa huku kwetu akisoma anaiona Asumbi, misheni ya namna ile ile, yenye shule ya wasichana na chuo cha walimu. Au anaiona Gendia, karibu na Kendu Bay, walikofika Waadventista mwaka 1906. Mmisionari wao, Arthur Carscallen, aliandika sarufi ya Kijaluo, na mtambo wa uchapishaji ukanguruma pale pale. Kiwanda chao, Africa Herald, kinahesabu umri wake tangu 1913. Fikirini: vitabu vinachapwa si mbali na omena zilizoanikwa! Tunaojiona mashujaa kwa kurudi kijijini na katoni nne tumechelewa miaka mia moja na zaidi.

Kasoro? Zipo. Nusu ya pili inakimbia. Watoto wa Awiti wanageuka daktari, padri na wengine wa kutia fahari upesi mno, na kuna kurasa ambamo nasikia mahubiri badala ya watu. Otieno naye ni mwovu wa kuchongwa kwa panga. Lakini ndipo anakuja Becky, binti mrembo wa Awiti aliye pacha wa Vera, na ule ugonjwa. Ogola alikuwa daktari wa watoto, alihudumia mayatima wenye virusi vya UKIMWI, akafariki 2011, na kurasa hizo hazipambi kitu. Kwa sisi wa Homa Bay na Migori, ambako kila boma lina kaburi la miaka ile, zinasomwa polepole. Mimi niliweka kitabu chini, nikatoka nje, nikarudi.

Usiku, kabla sijafika huko, nilikuwa nimeanza kumsimulia Dani, nyanya yangu. Hasomi Kiingereza, nikawa nafasiri kwa Kijaluo huku nikiruka maelezo. Nilipofika safari ya Kisumu akanikatiza.

"Ng'ombe alimwachia nani?"

Nikapekua, nikapekua. "Dani, hapa sijaona."

"Mwandishi angesema," akaguna, akajifunika shuka akalala.

Sasa kumekucha. Naandika haya jikoni, chai inachemka, na Dani ameingia na kigoda chake kabla hata ya kunawa uso. Amekaa. Ameniangalia mimi, akaiangalia riwaya yenye selotepu.

"Nyathina," ameniambia, "yule Mzungu wa Kisumu, alimfungulia mlango?"