Nenosiri lililokataliwa halirudiwi mara tano

Kaunta ya kurudia nenosiri iliyoingizwa kwenye urllib2, maktaba ya Python ya kutuma maombi ya wavuti, mwaka 2010 ilikuwa uamuzi mbaya. Nalisema mapema kwa sababu mtindo wake haujafa: bado naukuta kwenye skripti za kutuma data, zikiwemo zinazoandikwa na vijana wetu hapa mkoani Tanganyika, Kongo.

Kisa ni hiki. Toleo la 2.6.5 lilihamisha hedari ya nenosiri ili isifuate ombi linapoelekezwa kwingine. Kazi nzuri, na ilihitajika.

Tatizo lilizaliwa pembeni yake. Msimbo wa zamani ulikuwa na swali moja la busara: je, nenosiri hili hili limeshatumwa ndani ya ombi hili? Kama limeshatumwa, acha, mrudishie mtumiaji 401 yake, yaani jibu la seva kwamba hajatambuliwa. Hedari ilipohamia kwenye orodha mpya, swali lilibaki likichungulia orodha ya zamani, na kila mara likaikuta tupu. Seva inakataa, programu inatuma, seva inakataa tena, mpaka Python inaangusha kila kitu kwa kufika kikomo cha kujiita.

Dawa ilikuwa kulielekeza swali kwenye orodha sahihi. Badala yake watunzaji wa Python wakaweka kaunta, na juu yake maelezo kwamba jina na nenosiri vitumwe mara tano ndipo ikubalike kwamba imeshindikana. Mara tano za nini? Herufi ni zile zile, seva ni ile ile, jibu limeshatolewa. Kati ya jaribio la kwanza na la tano hakuna kilichobadilika isipokuwa rekodi za seva, ambazo sasa zinamwonyesha mtumiaji halali kama mtu anayebahatisha nenosiri.

Kibaya zaidi, kaunta ilikaa kwenye kishughulikiaji, si kwenye ombi. Haikurudishwa sifuri inavyostahili, na katika 2.6.6 hata mwenye nenosiri sahihi alikwama baada ya maombi sita. Hayo ndiyo malipo ya kutibu dalili. Baadaye swali la zamani lilirudishwa, safari hii likiangalia mahali panapostahili, na kaunta ikaondolewa kwenye uthibitishaji wa Basic. Ilipaswa kuwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Wala si kwamba mwongozo ulikosekana. Mei 1996, kwenye RFC 1945, waraka wa HTTP/1.0, Berners-Lee, Fielding na Frystyk walishaandika: 401 ikija na dai lile lile, na programu imeshajaribu walau mara moja, mwonyeshe mtumiaji jibu la seva. Wazee wale walitofautisha kukataliwa na kutosikika. Ndivyo walivyofanya pia Metcalfe na Boggs kwenye Ethernet: pakiti zikigongana, subiri muda wa kubahatisha, na muda huo uongezeke mgongano ukijirudia. Van Jacobson aliuona mtandao ukizama Oktoba 1986, kasi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu jirani ikishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40, naye akatufundisha kupunguza mwendo. Waliheshimu sababu ya kushindwa kabla ya kurudia.

Sasa tulilete hapa kwetu. Nyunzu ni mojawapo ya zoni 11 za afya za mkoa wetu, na takwimu zake za mwezi huingia SNIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya, kupitia programu ya DHIS2. DHIS2 inaweza kuwekwa ifunge akaunti kwa dakika 15 mtu akikosea kuingia mara tano mfululizo. Chukua skripti yenye nenosiri lililobadilishwa jana, iwekee kurudia mara tano, na iendeshe kwa akaunti ile ile anayoitumia mwenye kuingiza data. Skripti inashindwa, naye anafungiwa nje akiwa na nenosiri sahihi mkononi. Kisha lawama inaangukia mtandao.

Hapa narudia ninalolirudia kila mwaka: akaunti moja isitumiwe na mashine na mtu. Skripti ipewe akaunti yake yenye ruhusa finyu, au tokeni, ambayo DHIS2 inayo. Na nenosiri lisiandikwe ndani ya msimbo.

Kurudia kwenyewe sikukatai. Muunganisho ukikatika Nyunzu, rudia, kwa kusubiri kunakoongezeka. Ukipata 503, yaani seva haipatikani kwa sasa, ngoja muda ambao seva imeutaja. Takwimu za jumla za DHIS2 hazidhuriki, kwa sababu thamani ya kipengele kile kile, kituo kile kile na mwezi ule ule huandikwa juu ya iliyopo. Ila matukio ya mgonjwa mmoja mmoja yakitumwa bila kitambulisho kilichotengenezwa upande wako, kila kurudia kunazaa tukio jipya.

Kwa hiyo kabla ya kuituma skripti yako zoni, fungua sehemu ya kurudia uisome. Ikiwa 401 imo kwenye orodha ya makosa yanayorudiwa, iondoe leo: programu isimame, iandike kosa, na mtu aitwe.