Uledi Kwenye Usukani

Wapo wanafunzi wenzangu wanaotaka kitabu cha Stanley, Through the Dark Continent (1878), kiondolewe kabisa semina. Sababu yao ni ubaguzi. Ubaguzi upo, tena umejaa, hilo halina ubishi. Lakini, ndugu msomaji, ukikifunga hapo utakuwa umempa Stanley kilekile alichokitaka: awe mhusika mkuu peke yake.

Tutazame usawiri wa Uledi, mshika usukani wa mashua ya Lady Alice, mmoja wa Wangwana waliotoka Unguja na msafara huo mwaka 1874. Kwenye maporomoko ya Kongo ya chini, mwaka 1877, ni yeye anayejitosa majini kila mara kuwaokoa wenzake mitumbwi inapopinduka. Kisha anakamatwa na shanga za wizi. Njaa imewabana, na shanga ndizo zinazonunua chakula. Stanley anawaachia wakubwa wa Wangwana wahukumu, nao wanasema achapwe. Hapo ndipo nduguye Shumari anapojitokeza: nichapeni mimi. Binamu yao naye vivyo hivyo. Mwishowe wote wanasamehewa.

Stanley anayasimulia haya kama ushahidi wa huruma yake. Mimi naona kifani amezidiwa na wahusika wake. Katika kurasa hizo yeye ni mtazamaji tu. Kinachoendesha tukio ni udugu wa watu wa mashua. Sasa wale wahusika bapa tunaoambiwa wamejaa humu, hapa wako wapi?

Halafu kuna Tippu Tip, katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Kiswahili chenyewe. Aliusindikiza msafara, wakaachana Desemba 1876, kabla ya maporomoko. Lugha yake kavu, ya mtu wa hesabu: ahadi, malipo, deni. Analalamika kwamba baada ya ahadi zote zile, Stanley alimpelekea picha yake tu! Kejeli hiyo inauma kuliko makala zetu nyingi. Ila tusimpambe bure. Naye alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na wapagazi wake kitabuni ni mabubu vilevile.

Uledi hakuandika kitabu. Tunampata humohumo ndani ya maneno ya bwana wake, na wanaotaka kitabu kiondolewe hawajatuambia tutamsomea wapi.